Nilikataa Kushuhudia Kabla ya Kupimwa

Ninyi mnaosoma maneno haya mkiwa na kidonge mkononi na swali moyoni, nawasalimu katika jina la Yesu. Ninawaandikia ninyi hasa. Aliyekwisha kupona na kusahau hatakuwa na haja na habari hii.

Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke mwenye nguvu. Nafundisha somo la dini ya Kikristo katika shule moja ya sekondari upande wa Nakawa, na siku za Jumapili niliongoza darasa la Biblia kanisani kwetu Bugolobi, katika jengo ambalo zamani lilikuwa ghala. Mume wangu, Baba Aber, ni askari magereza mstaafu kutoka kaskazini. Tulilea watoto wetu katika nyumba za askari wa gereza la Luzira, ambako lugha ya wote ilikuwa Kiswahili, ndiyo maana hata leo tunagombana na kupatana kwa Kiswahili.

Ugonjwa wangu ulianza kwa njaa. Nilikula matoke na mchuzi wa karanga, nikaongeza, na bado nguo zikanipwaya. Walimu wenzangu walinisifu: "Mwalimu, unarudi usichana!" Nikafurahi. Kisha jasho likaanza kunitoka hata asubuhi za mvua. Mikono ikatetemeka, mwandiko wangu ubaoni ukawa kama wa mtoto anayejifunza. Tumbo liliniendesha. Nywele zilibaki kwenye kitana. Hedhi ilikatika, nikajiambia ni umri. Moyo ulinidunda nikiwa nimekaa tu, mpaka nikausikia masikioni. Mwishowe macho yakatokeza, nami nikawa natazama watu kama mtu aliyeshtuliwa.

Pamoja na hayo yote ikaja shaka. Nilimshuku muuza maziwa kwamba anaongeza maji. Nilimshuku jirani aliyecheka kwenye ngazi kwamba ananicheka mimi. Baba Aber akitoka, nilitaka kujua anakwenda wapi; akirudi, nilitaka kujua kwa nini amewahi.

"Mama Aber," aliniambia siku moja, "nimelinda wafungwa maisha yangu yote. Nimestaafu, sasa nimefungwa mimi."

Ndiye aliyenipeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Aliweka vidole shingoni mwangu, akaniagiza nimeze mate, akasikiliza moyo, kisha akaagiza damu ichukuliwe. Majibu yalipotoka alisema, "Mama, tezi yako ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Inaukimbiza mwili mzima. Hata huo wasiwasi na hasira, sehemu yake ni ugonjwa."

Alinipa dawa za aina mbili: moja ya kuutuliza moyo, nyingine ya kuizuia tezi. "Usiache dawa bila kuniona, hata ukijisikia vizuri. Ukiziacha ghafla, tezi inaweza kuamka kwa nguvu na moyo ukashindwa. Na ukipata homa au koo likikuuma, njoo siku hiyohiyo."

Sikumwamini. Nilikwenda kwenye maabara nyingine mjini, nikapimwa upya kimyakimya. Majibu yakawa yaleyale. Hapo nikaanza kumeza dawa.

Kanisani nilikuwa na rafiki, Peruth, kiongozi wa maombi ya akina mama. Huyu ndiye aliyekuja kunifulia nguo niliposhindwa kukamua hata kitambaa. Aliniletea uji, akaniwekea mikono kichwani, akaniombea kwa machozi. Baada ya majuma machache mikono yangu ikaacha kutetemeka.

Sasa lazima niwaeleze desturi yetu. Kwetu, mtu aliyeombewa hangoji kuona. Anasimama mbele ya watu na kushuhudia kwa imani kwamba amepona, na ishara ya imani hiyo ni kuziweka dawa zake madhabahuni na kuziacha pale. Kanisa hupiga makofi mpaka mabati yavume.

Peruth alifika nyumbani na wanawake wawili wa kundi lake. Alikaa karibu nami, akaushika mkono wangu.

"Mama Aber, Jumapili ni yako. Utashuhudia."

"Kushuhudia nini?"

"Bambi, maskini wee! Si kupona kwako? Nyoosha mkono tuone."

Niliunyoosha. Ulikuwa umetulia.

"Na dawa?" nikauliza.

"Utakuja nazo. Ibrahimu hakupanda mlima akaacha mguu mmoja nyumbani."

"Peruth, nina shaka."

"Shaka!" Aliwageukia wenzake. "Si daktari wako mwenyewe alisema wasiwasi huo ni ugonjwa? Sasa anayenijibu hapa ni nani? Ni wewe, au ni tezi?"

Wenzake wakacheka. Baba Aber, aliyekuwa mlangoni, akakohoa.

"Gerezani kila mtu alikuwa ameokoka," alisema. "Hatukumfungulia mtu lango kwa ushuhuda wake."

"Afande, hapa si gerezani."

"Kweli. Kule lango lilikuwa na mlinzi."

Hata Peruth alitabasamu. Lakini swali lake lilibaki ndani yangu kama mwiba wa samaki kooni. Nilikuwa nimeshuku maziwa, jirani na mume wangu, na mara zote nilikosea. Kwa nini niiamini shaka hii moja? Ikiwa akili yangu inaendeshwa na tezi iliyoharibika, nitajuaje kama ninayemkataa ni Peruth, au ni Mungu mwenyewe? Nikizitupa dawa kwa sababu ya imani isiyo yangu, naweza kufa. Nikizishika kwa sababu ya shaka isiyo yangu, naweza kuudharau mkono ulioniponya.

Nilirudi kwenye habari niliyoifundisha mara nyingi bila kuitazama: yule mwenye ukoma aliyemwendea Yesu. Yesu alimgusa, akatakasika. Hadithi ingeweza kuishia hapo. Lakini Yesu alimkataza kwenda kumtangazia mtu, akamtuma kwanza ajionyeshe kwa kuhani, apeleke na sadaka iliyoamriwa katika sheria ya Musa, na jambo hilo liwe ushuhuda. Nikafungua sheria yenyewe katika Walawi. Kuhani hakuwa mganga. Kazi yake ilikuwa kutazama ngozi, na asipokuwa na hakika alimtenga mtu siku saba, kisha akatazama tena. Mgonjwa hakujihukumu mwenyewe, awe na imani kubwa au ndogo. Aliletwa, akaangaliwa.

Niliisoma tena na tena. Aliyemponya ndiye aliyemtuma akaangaliwe, na neno ushuhuda limewekwa mwishoni, baada ya kuangaliwa. Nikaona kwamba sikulazimika kuamua kama shaka yangu ni yangu au ni ya tezi. Nilitakiwa kuichukua shaka na imani, vyote viwili, na kuvipeleka vikaangaliwe nje ya kichwa changu.

Nilimwambia Peruth kwamba nitapimwa damu kwanza.

"Utampima Mungu?"

"Najipima mimi. Mungu aliyeponya haogopi sindano."

Majibu yalionyesha kwamba tezi imeshuka kidogo tu. "Mkono umetulizwa na dawa ya moyo," daktari alieleza. "Tezi yenyewe bado inakimbia." Nilifikiri juu ya Jumapili ile na madhabahu ile.

Peruth aliitazama karatasi, akanirudishia. "Adui naye ana karatasi zake," alisema.

Jumapili mchungaji aliita jina langu. Nilibaki nimekaa. Baada ya hapo darasa la Biblia alipewa mwingine, na uji haukuja tena. Mimi niliwashuku, wao wakanishuku. Tulisalimiana kama walinzi wanaopekuana mifuko.

Uponyaji ulikuja polepole. Usingizi ulirudi kwanza, kisha mwili, kisha nywele. Hedhi ikaja tena, nami niliyekuwa nimeiaga nikaipokea kama mgeni wa heshima. Macho hayakurudi kabisa mahali pake. Niliendelea kuomba na kumeza dawa, na kila nilipoitwa nilikwenda kupimwa. Ulipita mwaka na zaidi kabla daktari hajasema, "Sasa tuache dawa, lakini tuendelee kukutazama."

Ndipo nilipomwomba mchungaji nafasi. Nilieleza yote, pamoja na vidonge. Akaniuliza mbele ya watu, "Basi umepona kabisa?"

"Vipimo vya sasa vinasema tezi imetulia, na ninamshukuru Mungu. Nitarudi kuangaliwa tena."

Wachache walipiga makofi. Peruth hakupiga.

Lakini watu walipotoka alinisubiri nje. "Siku ya kurudi ni lini? Nitakusindikiza." Nilishuku kwamba anakwenda kubishana na daktari. Tulikaa kwenye foleni ya hospitali. Jina langu lilipokaribia, alinivuta mkono wa gauni, akainama, akavua kiatu. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda kipana, kingo zake nyeupe, na harufu yake ilinifikia kabla sijakiona vizuri.

"Zamani, kabla hamjaja kanisani kwetu, niliambiwa nina sukari," alisema akiwa ameinamisha uso. "Nikashuhudia kwamba nimepona. Sijaangaliwa tangu siku ile."

"Kinauma?"

"Hakiumi hata kidogo. Ndicho kinachonitisha, dada."

Nilipoitwa tuliingia wote wawili, na nikamwomba daktari amwone yeye kwanza.

Namshukuru Mungu, na namshukuru Baba Aber aliyevumilia kushukiwa. Namshukuru daktari yule aliyekubali kuulizwa maswali bila kukasirika. Namshukuru Peruth, aliyenifulia nguo zangu. Nanyi wagonjwa wenzangu, ombeni bila kuona haya, na msimruhusu mtu, hata mnayempenda, awape haraka ambayo Bwana hakumpa mwenye ukoma. Mkiishuku imani yenu au mkiishuku shaka yenu, zipelekeni zote mahali pa kuangaliwa.

Kidonda cha Peruth kinasafishwa na kufungwa upya, na bado haijulikani kama kidole kitabaki. Ameniruhusu nimtaje hapa. Anaombewa, anatumia dawa, na bado hajashuhudia.