Muuguzi Anayepima Sukari

Muuguzi anayetupima sukari hapa kisiwani Savai'i huja kila Jumanne, na kipepeo cha ukili cha kujipepea kwapani. Kwetu mgeni haanzi kazi kabla ya kula, kwa hiyo hula katika kila nyumba anayoingia, kisha hujifuta tui kidevuni na kutuambia, kwa sauti ya kanisani, tupunguze magimbi. Vidole vyake ni vinene, lakini sindano yake haiumi. Tukimtania kuhusu mwili wake, hucheka: "Wataalamu wamesema unene huu ni wa kurithi, na urithi wenyewe unazuia kisukari." Hajawahi kujipima.

Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, Bibi Sinapati alikataa kutoa kidole. "Anza wewe, mwanangu. Au huo urithi wako unaogopa sindano?" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Muuguzi naye alicheka kutuzidi sote, akajichoma, akakisoma kipimo, akakifunika kwa kiganja. Sahani ya pili ilikuwa imeshawekwa mbele yake. Aliitazama kama mtu anayemuaga jamaa bandarini, kisha akaisogeza taratibu hadi kwangu.

"Kula wewe, mwalimu. Mimi leo nimeshiba."

Bibi Sinapati hakumtania tena. Alimtolea kidole chake, akichome.