Tulimrehemu Akiwa Hai

Chama chetu hakina bango wala muhuri. Ni chumba changu cha mbele hapa Deira, ughaibuni kwa Waarabu, mikeka miwili na birika la chai ya maziwa, Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi baada ya sala. Alikianzisha marehemu mume wangu, aliyekuwa akipakia matairi na friji majahazini kule Khor. Alipofariki, wenzake wakaniambia, "Bibi, sasa mwenyekiti ni wewe." Nikasema mimi nimeishia darasa la pili. Wakasema, "Kwani kisiwa kinataka cheti?"

Kisiwa chenyewe ni kidogo, na serikali mbili zinakigombania. Moja imekishika, nyingine inakidai. Sisi tuliozaliwa kule tukakimbia wakati wa vurugu, hatukuruhusiwa tena kurudi. Mume wangu aliweka sharti moja tu: mwanachama asitie saini karatasi yoyote inayosema kisiwa kile ni mali ya hao waliokishika. "Tukisaini sisi," alikuwa akisema, "atabaki nani wa kukataa?"

Wengine waliokuja si wa kwetu. Yupo mlinzi mmoja wa Kikenya anayekaa mtaa wa Karama, Mkristo wa bara, haelewi hata neno moja la hitma. Mwenyewe husema anafuata sambusa. Lakini siku moja aliniambia shamba la babu yake nalo lilichukuliwa hivyo hivyo, na tangu hapo sikumuuliza tena anafuata nini.

Kwa kuwa makaburi ya wetu hatuwezi kuyazuru, kila tukikutana tunasoma hitma na kuwarehemu kwa majina. Majina ninayo mimi, kichwani. Naanzia nyumba iliyo ubavuni mwa msikiti, nashuka mlango kwa mlango, kama ninayetumwa chumvi, mpaka nyumba ya kisimani, ambayo ni yetu. Hapa sitayaandika, wenyewe hawakunipa ruhusa. Mdomoni yote yapo.

Siku hiyo alikuwepo msichana mgeni, mfanyakazi wa ndani ambaye madam wake humpa mapumziko ya Ijumaa. Alizaliwa kisiwani juzi juzi tu na ana pasi ya hao waliokishika. Nilipofika nyumba ya kisimani nikamtaja kaka yangu. Msichana akanyanyua kichwa.

"Bibi, samahani. Huyo ni yule anayefuga bata?"

"Alipenda bata tangu utoto. Mungu amrehemu."

"Mbona yuko hai? Ni jirani yetu. Kila siku anagombana na mama kwa ajili ya hao bata."

 Mlinzi, ambaye huniita Shosho, yaani bibi kwa lugha ya kwao, ndiye aliyedakia: "Wueh! Shosho, mmezika mtu akiwa mzima?"

Watu wakacheka, mimi nikalia. Zamani sana msafiri mmoja alituletea habari kuwa dhoruba ilimaliza watu wa nyumba ya kisimani. Kwetu habari ya msiba haiulizwi mara mbili; ukiuliza tena ni kama unamlazimisha mtu kuua tena. Tukaweka matanga hapa hapa, na tangu siku hiyo nikawa namrehemu.

Simu za mtandao huku hazipiti, kwa hiyo tulitumiana ujumbe wa sauti. Mama wa yule msichana alimpelekea kaka yangu simu nyumbani kwake. Sauti yake ilikuwa imezeeka, utani ule ule.

"We mtoto wa mama! Mimi nilikuchinjia bata, nikakusomea hitma. Nirudishie bata wangu!"

"Na mimi nimekurehemu kwa sambusa miaka yote hii," nikamjibu. "Ukizila zote utavimbiwa."

Sauti iliyofuata haikuwa na utani. "Macho yamekwenda, mdogo wangu. Njoo nikushike uso kabla sijafa kweli."

Mjukuu wangu alinipeleka ofisini kwa hao waliokishika kisiwa. Karani hakuwa mtu mbaya. Alisema ruhusa ipo, ila nitie saini kwamba nilizaliwa katika nchi yao. "Hajja, mstari mmoja tu, halafu khalas." Nikaishika kalamu, nikairudisha mezani. Nikamwambia nitarudi.

Ijumaa nikawaeleza wanachama. Mzee mmoja, mwenzake mume wangu wa kazini, akasema, "Saini, Bibi. Marehemu hakujua kama shemeji yake yuko hai."

Mwanamke mmoja, ambaye mama yake tunamrehemu kila mwezi, akaweka kikombe chini. "Mwenyekiti akisaini, sisi tunakaa hapa kufanya nini? Kula sambusa?"

"Shosho, kalamu haiwezi kuhamisha kisiwa," mlinzi akasema. "Enda uone brathe yako."

"Wewe nyamaza, utakosa sambusa."

Sikuweza kusema nani ana makosa. Na chama chetu neno zito hakilikati kwa kikao kimoja. Ndivyo mume wangu alivyotuzoesha. Tukakubaliana kila mtu aende akafikiri, tuamue mwezi ujao.

Nikamweleza kaka yangu. Jibu lilichelewa. "Mimi nilisaini zamani," akasema. "Nilitaka dawa ya macho. Macho hayakupona, na kisiwa kipo pale pale. Njoo." Sauti ile niliirudia mpaka mjukuu akaninyang'anya simu.

Ijumaa ya kikao ilipofika nilikuwa nimepika tangu asubuhi, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Wa kwanza kufika alikuwa yule mwanamke aliyenipinga. Alinishika bega pale mlangoni. "Bibi, nimefikiri. Nenda ukasaini. Nitawaambia mimi mwenyewe."

 Nilimpa chai. Alikuwa hajasikia. Habari ilikuwa imenifikia alfajiri, kwa sauti ya mama wa yule msichana.

Tukasoma hitma. Nikaanzia ubavuni mwa msikiti, nikashuka mlango kwa mlango. Kisimani mdomo ukagoma. Watu wakadhani naruka jina, kama nilivyoliruka mwezi uliopita.

Nikamgeukia msichana. "Una hakika?"

"Mama alikuwepo wakimwosha, Bibi."

Kwetu haiulizwi mara mbili. Nikauliza mara ya pili. Akainama, akaniambia tena, polepole, ndipo nikalitaja jina la kaka yangu.