Niliandika linked list yangu kwa C, na Kisangani nzima ikaalikwa kwenye karamu

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisangani. Mto umejaa, na mimi nina furaha ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu.

Ninayoandika hapa yametokea kweli, sijaongeza chumvi. Mwenye shaka aje Makiso, katikati ya mji, aulize mtu yeyote mwenye radio. Kiswahili changu ni cha huku kwetu, mtanivumilia.

Mimi ni fundi wa radio moja ndogo hapa mjini. Fundi maana yake ni kila kitu: nyaya, generator, microphone, na ile computer ya zamani inayopiga matangazo.

Matangazo ndiyo roho ya radio yetu. Mbuzi amepotea, fulani amefariki, baleinière, boti kubwa ya abiria, inaondoka, harusi imeahirishwa. Mtu anakuja, anarekodi sauti yake mwenyewe, tunaiweka kwenye foleni, computer inapiga moja baada ya nyingine.

Program ya zamani ilikuwa inaganda kila ukitaka kuingiza tangazo la haraka katikati. Mado, mtangazaji wetu, alikuwa anaipiga computer kofi kama TV ya bibi.

Basi nikasema, naandika yangu. Kwa lugha ya C. Computer yenyewe ina memory ndogo kiasi kwamba ukiilisha kitu kizito inalala.

Na mnajua nini, foleni ya namna ile inalilia linked list.

Kwa wasio wa fani: fikiria pirogue, mitumbwi yetu, zimefungwa moja nyuma ya nyingine, kila moja imeshika kamba ya ile inayofuata tu. Ukitaka kuingiza pirogue mpya katikati, unafungua kamba moja, unafunga mbili, basi. Hakuna haja ya kusukuma msururu mzima. Hiyo kamba ndiyo pointer. Pirogue ya mwisho haishiki kitu, ndiyo NULL.

Ningeweza kuandika foleni ndani ya program na kumaliza. Lakini hapana, nilitaka library. Kitu safi, chenye header yake, faili inayoorodhesha function zake, ambacho mtu mwingine anaweza kuchukua akatumia bila kuniuliza.

Wakuu, sijui kama mmewahi kupenda header file. Mimi niliipenda ile. Function zote nilizipa majina ya Kiswahili: orodha_anza, orodha_tia_mbele, orodha_tia_nyuma, orodha_toa. Nikamtumia rafiki yangu Trésor, tulisoma naye informatique, sasa anafundisha.

Akanipigia simu akicheka. "Nadège, C haijue Kiswahili."

"Sasa inajua," nikamwambia.

Halafu tukaingia kwenye ubishi wenyewe. Trésor alitaka kila node, yaani kila pirogue, iwe na void pointer, ibebe chochote. Hiyo ndiyo njia ya vitabuni.

"Na nani ana-free ile data, anarudisha memory yake?" nikamuuliza. "Library au mwenye data?"

Nikasikia anakunywa chai.

"Bon," akasema, "unapitisha function ya ku-free."

"Na kila tangazo naliombea memory kwa malloc mara mbili, moja ya tangazo, moja ya node? Ku hii computer?"

Mimi nilitaka kamba iwe ndani ya tangazo lenyewe. Yaani struct ya tangazo inabeba next yake mwenyewe, library inafunga na kufungua kamba tu, haigusi memory ya mtu. Haifanyi malloc hata moja. Swali la nani ana-free likafa hapo hapo.

Trésor alibisha siku kadhaa, mwishowe akaniandikia: "Donc, uko na haki. Ni nzuri." Nilisoma ule ujumbe nikiwa nakula lituma, ndizi zetu za kuponda, kwa mama yangu, nikacheka peke yangu mpaka mama akauliza kama nimepata mchumba.

Tulijaribu kila kitu. Orodha tupu. Orodha ya kitu kimoja. Kutoa wa kwanza, kutoa wa mwisho. Chombo cha kukagua memory kikasema hakuna byte iliyopotea. Niliinuka kwenye kiti nikacheza, Mado akaja kucheza na mimi bila kuuliza tunasherehekea nini.

Tukaweka program mpya hewani. Ilikwenda kama maji. Tangazo la haraka, Mado anabonyeza kitufe, linaruka mbele. Directeur wetu akafurahi, akasafiri zake kwenda Bafwasende kwa amani.

Sasa ikaja Jumamosi.

Nilikuwa nimevuka mto kwenda Lubunga kumwona tantine, shangazi yangu. Wakati wa kurudi nikapanda pirogue ya motor, tumejaa, mama wenye sombe ya majani ya muhogo, wanafunzi, baiskeli. Mwenye pirogue alikuwa na radio ndogo karibu na mguu, imefunguliwa kwenye station yetu.

Nikasikia sauti ya Papa Alphonse. Ni mvuvi, wa familia zinazokaa kule kwenye maporomoko. Asubuhi ile alikuja kurekodi, nilimrekodi mimi kabla sijavuka. Alikuwa anatetemeka kwa furaha.

"Mutoto yangu Béa amepata diplôme ya État. Familia yote ya Yanonge na ya Kisangani, ninawaita leo ku parcelle, ku nyumba yangu. Mukuye tukule, tufurahi. Musikose."

Abiria wakashangilia, maana huo ndio mtihani wa mwisho wa sekondari. Mama mmoja akasema Mungu ambariki huyo mtoto.

Likaisha. Likaanza tena.

"Mutoto yangu Béa amepata diplôme ya État..."

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Nikafikiri labda Mado amelirudia.

Likaisha. Likaanza tena.

Hapo nikaacha kucheka. Kwa sababu nilikuwa najua, wakuu. Katikati ya mto, bila computer, bila debugger, niliiona code yangu mbele ya macho kama imeandikwa juu ya maji:

t->next = orodha->kichwa;
orodha->kichwa = t;

Mistari miwili. Tangazo jipya linashika kamba ya aliyekuwa wa kwanza, kisha lenyewe linakuwa wa kwanza. Ni nzuri kabisa.

Isipokuwa kama huyo wa kwanza ni yeye mwenyewe.

Mado amebonyeza kitufe cha haraka mara mbili. Tangazo la Papa Alphonse lilikuwa tayari mbele, likawekwa mbele tena. Next yake ikajishika yenyewe. Pirogue imejifunga kamba mkiani kwake, inazunguka. Na nyingine zote zilizokuwa nyuma zimeachiwa, zinaelea, hakuna anayezishika.

Nikampigia Mado. Simu inaita tu. Nikapiga tena. Inaita tu.

"Ile papa iko na furaha mingi," mwenye pirogue akasema.

"Mimi naona furaha imemupanda kichwa," mwanafunzi mmoja akajibu.

Mama wa sombe akawa anasema maneno pamoja na radio, ameshayashika yote. "Mukuye tukule, tufurahi." Halafu akaniangalia. "Mutoto, mbona wewe unatoka jasho?"

Nikamwambia, "Mama, ni kazi yangu hiyo."

Pirogue nzima ikageuka kunitazama. Nilijaribu kueleza kuhusu pointer. Sikushauri ujaribu jambo hilo juu ya maji.

Kilichoniuma hasa ni ile foleni iliyoachwa. Nyuma ya Papa Alphonse kulikuwa na tangazo la baleinière ya Isangi: haiondoki jioni tena, inaondoka mchana. Kuna watu walikuwa wanasuka nywele na kufunga mizigo polepole wakijua wana siku nzima. Wasiposikia, wanabaki, na baleinière nyingine haiji kesho.

Kufika ng'ambo nilirukia toleka, baiskeli yetu ya kukodi, nikamwambia kijana kanyaga. Njia nzima kila duka tunalopita, Béa amepata diplôme ya État. Kwenye saluni, Béa. Kwa muuza mikate ya mafuta, Béa. Kijana wa toleka akauliza kama huyo Béa ni binti wa gavana.

Nikaingia radio mbio. Studio ya kupigia matangazo haina mtu. Mado alikuwa chumba cha nyuma anarekodi kwaya, mlango umefungwa, simu iko kwenye mkoba. Alikuwa anatabasamu na headphone zake, dunia haimhusu.

Niliua program. Radio ikanyamaza. Mtaani nikasikia mtu akipiga makofi.

"Mado, ingia antenne, hewani, wewe mwenyewe, sasa. Sema baleinière ya Isangi inaondoka mchana."

"Na Papa Alphonse?"

"Papa Alphonse wamemusikia."

Aliingia, akatangaza kwa Kiswahili, akarudia kwa Lingala, akarudia tena. Tukapiga simu bandarini, capita, msimamizi wa baleinière, akakubali kungoja kidogo. Baadaye tulisikia hakuna aliyeachwa, ingawa mama mmoja alipanda na kichwa kimesukwa upande mmoja tu. Wenzake walimmalizia upande wa pili njiani.

Nikakaa kwenye kiti. Nikaanza kucheka. Mado naye akacheka, na kwaya, ambayo haikujua lolote, ikacheka pia.

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo. Sasa orodha inazunguka, ina kichwa cha bandia, kila node ina next na prev, kamba ya mbele na ya nyuma, na node isiyo ndani ya orodha inajielekeza yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuingiza, library inaangalia: wewe uko huru, au tayari uko ndani? Kama uko ndani, inakataa na inarudisha error. Program ikipata hiyo error inatoa kwanza, halafu inatia.

Nilikuwa bado naandika test yake, Papa Alphonse akatokea mlangoni.

Wakuu, nilisimama. Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi tayari. Amevaa shati jeupe, na kichwa chote cheupe pia, poda tunayomwagiana mtoto akipata diplôme imefika mpaka kwenye nyusi.

"Ni nani alipanga tangazo yangu?" akauliza.

"Ni mimi, papa. Munisamehe. Ilikuwa..."

"Unajua Norbert?"

Nikasema simjui.

Akakaa. Norbert ni kaka yake mkubwa, anaishi Mangobo. Waligombana juu ya nyavu na mahali pa kutega kule kwenye maporomoko, zamani kidogo, na tangu hapo wakikutana njiani kila mtu anatazama upande wake. Hata kwenye msiba wa mama yao walikaa pembe mbili.

"Alisikia tangazo mara ya kwanza, akasema haimuhusu," Papa Alphonse akaniambia. "Mara ya pili, akazima radio. Lakini jirani yake hakuzima. Na jirani wa jirani. Muke yake akamuambia, Papa ya Béa iko anakuita, na anakuita, na haachi kuita. Wewe ni mutu wa namna gani?"

Akajifuta macho, poda ikawa uji.

"Amekuja. Amekuja na kuku, na batoto yake yote. Yeye mwenyewe njo alimumwagia Béa poda ya kwanza. Sasa hapa iko ku nyumba, anakula, ananisema vibaya mbele ya batu, na mimi ninafurahi."

Mado alikuwa ameshachukua mkoba.

Tulikwenda. Parcelle ilikuwa imejaa mpaka nje, nusu yao sio familia, ni watu tu waliosikia "mukuye" mara nyingi wakaona ni kwao. Samaki wa kukaushwa kwa moshi, sombe, mikate ya muhogo ya kwanga, muziki. Béa mwenyewe hakuonekana sura, ni poda na meno tu. Papa Norbert alinishika mkono akaniuliza kama ni mimi mutoto wa radio, nikasema ndiyo, akanijazia sahani bila neno lingine.

Somo, wakuu. Ukiandika library ya linked list, usijaribu tu orodha tupu na orodha ya kitu kimoja. Jaribu kuingiza kitu kile kile mara mbili. Mtumiaji wako hajui sheria zako, ana kidole na kitufe. Sheria iandike ndani ya code, sio kwenye maelezo ambayo Mado hatayasoma.

Na sasa nahitaji mawazo yenu, kwa sababu tuko kwenye ubishi mpya. Wakati wa kuondoka, Papa Alphonse alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia mdogo wa Béa anafanya mtihani mwaka kesho, na tangazo anataka lipigwe "vile vile".

"Haiwezekani tena, papa," nikamwambia. "Nimeshatengeneza."

Akanitazama kwa huzuni ya kweli. "Sasa ulitengeneza sababu ya nini?"

Trésor anasema kurudia sio kazi ya library, ni kazi ya program. Mimi nimeshaandika orodha_rudia, inarudia tangazo mara kadhaa, na ina mwisho. Wa C mko wapi? Niiweke kwenye header au niifute?