Kopo la Vizibo

Mwalimu wa chekechea hakumsamehe wifi yake, mke wa kaka yake, kwa ajili ya gunia la vizibo vya soda. Enzi hizo mwalimu alikuwa akikaa kwa kaka yake. Alivigonga kingo kwa nyundo mpaka vidole vikavimba, watoto wasijikate, akavitunga kwenye waya kumi kumi wajifunzie kuhesabu. Wifi akalibeba lile gunia mbele ya wageni, akalimwaga lote chooni.

"Jamani, mtu mzima anaokota jalala! Ndiyo maana haolewi."

Wageni wakacheka. Kaka naye, mwanamume mzima, akacheka.

Mwalimu akahama, akaanza gunia jingine. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini wifi Mungu alimpa domo, masikio akamnyima.

Miaka ikapita, kiharusi kikampiga wifi, mkono wa kulia ukalala. Daktari akasema kila siku aokote vitu vidogo huku anahesabu, la sivyo mkono ndiyo basi. Kaka akamleta darasani, macho chini.

"Dada, vile vizibo vyako bado unavyo?"

"Vipo. Mkalishe."

Wakamketisha mkekani katikati ya watoto, vizibo vimetandazwa mbele yake na kopo tupu pembeni. Akashika kimoja, kikamponyoka. Watoto wakaangua kicheko.

"Msimcheke, ni mwanafunzi mpya," mwalimu akasema, kisha akamwinamia sikioni. "Vipi, wifi, jalala linanuka?"

Wifi akaokota huku machozi yanamchuruzika, kimoja kimoja, mpaka kopo likajaa. Mwalimu akalichukua, akalimwaga lote mkekani.

"Anza tena."