Kitabu cha Gari Ambacho Hakikupotea

Simpendi shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Nasema mapema ili mtu asidhani namsengenya kwa kificho. Ni mtu wa kuongea polepole, wa kunawa mikono mara mbili kabla ya kula, na siku tuliyomzika mume wangu, kijijini kwao Bwera, yeye ndiye aliyeingia chumbani kwetu akitafuta, alisema, kitambulisho cha marehemu. Alikaa mle ndani kwa muda mrefu mno. Wiki iliyofuata nilifungua sanduku la bati, na kitabu cha gari, kile chenye jina la mwenye gari, hakikuwemo.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu niliyoinunua kwa jasho langu, kwa kazi ya kubeba chumvi kutoka Kabatoro hadi soko la mpakani. Mume wangu alikuwa mwalimu, na hakuwahi hata kujifunza kuendesha. Aliyeniuzia ni mzee mmoja Mkenya aliyefanya kazi na baba yangu kwenye kiwanda cha saruji. Mimi nilizaliwa hapa Kasese, ila wazazi wangu walitoka huko huko Kenya wakifuata kazi. Alinikabidhi ufunguo, na kitabu chenye fomu ndani aliyokwisha kuitia sahihi, ili nihamishe jina. Nikasema nitahamisha kesho. Kesho ikazaa kesho, miaka ikapita, na kitabuni likabaki jina la mzee. Huo ndio ujinga wetu huku: tunaendesha gari mpaka linazeeka mikononi mwetu, na kwenye karatasi bado ni la mtu mwingine.

Baada ya matanga shemeji alianza kusema pikapu ni mali ya ukoo. "Kitu ya marehemu inabaki kwa nyumba," aliwaambia watu, kana kwamba mimi nilikuwa nimepanga chumba tu. Niliendelea kuendesha, maana ufunguo nilikuwa nao mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na huyu nitamtoa nguoni siku moja.

Siku hiyo ililetwa na askari wa barabarani. Alinisimamisha Katunguru, karibu na daraja, nikiwa na shehena nzima ya chumvi.

"Mama, gari ya nani hii?"

"Yangu, afande."

"Kitabu iko wapi?"

Nikamwonyesha ufunguo. Alinipa wiki mbili nilete karatasi, la sivyo pikapu ingeegeshwa kituoni. Nilikuwa nimeyaona magari yaliyoegeshwa pale. Nyasi zimeota mpaka madirishani, na hakuna anayekumbuka yaliletwa kwa kosa gani. Pikapu ikiingia mle, chumvi imekwisha, na wanangu watatu shule imekwisha.

Nilikwenda polisi Kasese kuomba barua ya kupata kitabu kipya. Karani aliuliza bila kuinua kichwa, "Kitabu imepotea?"

"Haikupotea. Imeibwa, na mwizi namjua."

Akaweka kalamu chini. "Sikia, mama. Ukisema imeibwa, hiyo ni kesi. Kesi inataka gari ikuje ikae hapa mpaka iishe. Ukisema imepotea, barua unapata leo."

"Kwa hiyo nidanganye?"

"Mimi sijasema udanganye. Nimeuliza tu, imepotea?"

Nilimtukana moyoni kwa lugha tatu, kisha nikasema imepotea. Aliandika upesi, akagonga muhuri, akaniuliza kama kuna lingine. Mpaka leo sijui niliyemchukia zaidi siku ile, yeye au mimi.

Barua haikutosha. Jina kitabuni lilikuwa la mzee, kwa hiyo mzee mwenyewe ndiye aliyetakiwa kuapa mbele ya mwanasheria kwamba kitabu kimepotea. Nikamfuata nyumbani kwake. Sasa ni mzee wa kanisa, na wema wake unachosha.

"Binti yangu, hiyo kitabu nilikupea kwa mkono," alisema. "Na wewe unasema iko kwa mtu anaificha. Leo nishike Biblia niseme imepotea? Kwa umri huu?"

Nilimwambia Mungu ana wenye dhambi wakubwa kuliko yeye wa kushughulika nao. Nilisema kwa sauti, mbele ya mkewe, aliyekuwa ameleta chai. Mkewe akanikumbusha kwamba hasira ni hasara. Nikamjibu kwamba hasara ninayo tayari, acha nibaki na hasira. Chai sikuinywa. Mzee akaenda kuchukua koti lake.

"Twende tumuulize yeye mwenyewe," akasema.

Tulimkuta shemeji kwenye baraza la mwenyekiti wa kijiji, ambaye tulikuwa tumempigia simu njiani amwite. Majirani walikuwa wamekwisha kusikia harufu ya ugomvi, na walikaa ukutani wakijifanya wana shida zao. Mzee alisalimia kila mtu kwa zamu, kisha akauliza kwa upole kabisa kama kitabu cha gari kiko kwa shemeji.

"Mi sina hiyo kitabu," shemeji alisema. "Mutu akisema iko kwangu, aseme hapa mbele ya watu."

"Sisemi iko kwako. Nauliza. Na hujui mahali iko?"

"Sijui. Sijaiona hata siku moja."

Mzee akamgeukia mwenyekiti. "Andika hivyo, mwenyekiti. Andika pia kwamba hana neno kama serikali itatoa ingine."

Mwenyekiti aliandika, kalamu ikikwaruza. Shemeji alipopewa karatasi aliisoma, akairudia. Nikaona jambo limemfikia. Akitia sahihi, kitabu alichokificha kinakufa na kugeuka karatasi ya kufungia karanga. Akikataa, amekiri mbele ya kijiji kizima. Jasho lilimtoka puani. Nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo. Tangu tumzike mume wangu sikuwa nimefurahi kiasi kile. Alinitazama mara moja, akafungua mdomo, akaufunga, akatia sahihi.

Kesho yake mzee aliapa, mkono juu ya Biblia na moyo mweupe, kwa kuwa alikuwa ameambiwa mbele ya mashahidi kwamba kitabu hakijulikani kilipo. Akatia sahihi fomu nyingine ya kunihamishia jina. Nami niliapa pia, kwa moyo wangu mweusi. Yule askari wa barabarani alipoona karatasi zile alinipa muda zaidi, na baada ya miezi ya matangazo, ukaguzi wa namba za injini na "rudi Jumatatu", nikapewa kitabu kipya chenye jina langu.

Habari zilifika Bwera kabla yangu. Siku ya soko nilikuwa nasimamia kushusha magunia nilipomwona shemeji akija, na mfuko wa plastiki mkononi. Alitoa kitabu cha zamani, akakiweka juu ya gunia.

"Hiyo ni takataka," nilisema, kwa sauti ya kuwafikia wauza nyanya. "Ulitia sahihi kwamba hujawahi kukiona."

"Najua. Chukua tu. Hata mimi sikukiiba. Alinipatia yeye, akiwa mugonjwa."

Nilicheka. Akafungua kitabu akanionyesha karatasi iliyokunjwa ndani. Ulikuwa mwandiko wa mume wangu, ule mwandiko wa ubaoni, kila herufi imesimama wima. Alikuwa amemwandikia mdogo wake kwa Kikonzo, lugha ya kwao: *Kaa nacho. Nikifa asije akauza gari akarudi kwao Kenya na watoto. Yeye usimwambie.*

"Ungenionyesha siku ile kwa mwenyekiti," nikasema.

"Mbele ya watu wote wale?" akajibu. "Nimwaibishe marehemu?"

Nilitaka kumpiga kofi, na bado natamani. Angalau mwizi ningejua la kumfanya. Kenya nimefika mara mbili, zote kwa mazishi, na mara zote mbili nilihesabu siku za kurudi Kasese. Karatasi ile ya Kikonzo niliisoma bila kukwama popote, kwa sababu ndiyo lugha niliyowalelea watoto wake. Miaka kumi na minne nililala kando ya mtu aliyekuwa akinitazama kama mgeni ambaye hajaaga.

Nikamuuliza shemeji, wateja wote wakisikia, aniambie basi kwetu ni wapi. Alikunja mfuko wake wa plastiki, akautia mfukoni, akaanza kunisaidia kushusha chumvi.