Msiba Uliotafuta Mlango Jordbro

Mama yake Mugambi alifariki Jumanne alfajiri kule Meru, na mpaka Ijumaa tulikuwa bado tunatafuta mtu wa kwenda kumwambia. Nasema tulikuwa, lakini mimi sikumjua Mugambi hata kwa sura. Niliingizwa tu katika jambo hilo na binamu yangu wa Nanyuki, anayefundisha shule moja na Kagendo, dada yake Mugambi. "Wanjugu, si wewe uko Stockholm? Kuna kijana wetu huko." Kijana mwenyewe ana miaka hamsini na minne.

Wenye haraka wataniuliza kwa nini hakupigiwa simu. Kwetu mtu aliye peke yake ughaibuni hapewi msiba kwa simu. Wanatumwa watu wawili watatu, wanabeba maziwa na mkate, wanakaa naye, na baada ya hapo ndipo simu inapigwa nyumbani. Huku nyuma ndugu wanafungua kikundi kipya cha WhatsApp cha mipango ya mazishi, yeye wakimwacha nje, na kile cha familia kinanyamaza. Kagendo alikuwa ameshawaonya wote. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba mpwa fulani asiyejua kunyamaza angeweka picha ya mama na mshumaa kwenye Facebook, na kaka yake aipate habari ile peke yake, amesimama kituoni na simu mkononi.

Nilimpigia Kagendo anitajie marafiki wa kaka yake. Badala ya majina akanipa historia. Mugambi alikuja huku mwaka wa tisini na tano kusomea kompyuta, wakati ambapo kule kwao kompyuta ilikuwa kitu cha kufunikwa kitambaa ofisini kwa meneja wa benki. Barua pepe zake zilifika kwa rafiki Nairobi, ambaye alizichapisha kwenye karatasi, akazitia bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi la Meru. Mama alisomewa baada ya siku nne, na majibu yake yakarudi kwa njia hiyohiyo.

Zilipokuja saiba, yale maduka ya intaneti, mama alipelekwa mjini kila Jumamosi, akavishwa vipokea sauti na kupiga kelele mpaka wateja wote wakageuka. Kwa akili yake, Uswidi ni mbali, kwa hiyo lazima mtu apaze sauti. Mwishowe Mugambi akamtumia simu ya kupangusa na kumfundisha, wiki tatu nzima, kurekodi ujumbe wa sauti. Tangu hapo hakukosa asubuhi hata moja: kuku mweupe ametaga, mvua imetunyima, wewe umekula?

"Sasa rafiki zake wa huku ni nani?" nikauliza.

"Dada, yeye huwa mtandaoni saa zote. Sikuwahi kuuliza."

Nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani. Niliuliza kanisani. Niliuliza kwenye kikundi cha Wakenya wa Stockholm, chenye watu zaidi ya mia nne wasiochoka kutumiana video za vichekesho. Maina, ambaye hujisifu kwamba hakuna Mkenya anayetua uwanja wa ndege wa Arlanda bila yeye kujua, alikuna kichwa: "Mugambi yupi huyo?" Mmoja alikumbuka kwamba Mugambi aliwahi kumtengenezea kompyuta, ikaja kwa posta na kurudi kwa posta. Mwingine akasema ndiye aliyeunda tovuti ya kwanza ya chama chetu, lakini waliandikiana tu. Hakuna aliyewahi kunywa chai kwake.

Ijumaa tukiwa mapumzikoni kazini, nilimweleza Béata, Mrundi ninayesafisha naye pale uwanja wa ndege. Aliniacha nimalize, kisha akatoa simu yake.

"Weye Wanjugu, siku tatu unauliza watu? Hapa Uswidi kila mtu yumo mtandaoni pamoja na mlango wake."

Niliona haya. Ni kweli, hapa anwani za watu ziko wazi kwa yeyote. Aliandika jina, na papo hapo tukaona yote: mtaa wake huko Jordbro, kitongoji cha kusini mwa Stockholm, ghorofa ya pili, siku aliyozaliwa, na chini kabisa maelezo kwamba hakuna mtu mwingine aliyesajiliwa katika nyumba hiyo. Sisi tulikuwa tumefanya kama tuko kijijini, ambako mtu hutafutwa kwa kuuliza watu.

Jumamosi tulipanda treni kutoka Märsta, karibu na uwanja wa ndege, tukabadilisha mjini, mimi na maziwa, Béata na mkate. Tulifika saa sita mchana. Nilipobonyeza kengele, mlango ulifunguliwa kabla sijashusha mkono. Alikuwa mwembamba, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri.

"Karibuni," alisema. Hakuuliza sisi ni nani.

Viti vilikuwa viwili. Alitupatia sisi, naye akaketi juu ya sanduku la vifaa, kwani kazi yake ni kufuta data kwenye kompyuta kuukuu za makampuni kwenye ghala moja la hapo Jordbro.

"Kaka, tumetumwa na Kagendo," nilianza.

"Ni mama."

"Ni mama. Jumanne alfajiri. Pole sana."

Akatikisa kichwa polepole. "Nilijua siku hiyohiyo. Sauti yake haikuja, na kikundi kikanyamaza. Watu thelathini na sita hawanyamazi bure."

Kumbe tangu Jumanne alikuwa ameomba ruhusa kazini na kukaa ndani, asije mgeni akakuta mlango umefungwa. Facebook hakuifungua.

"Na dada yako, kwa nini hukumpigia?" Béata akauliza.

"Nilitaka kujua kama huku kuna mtu wa kutumwa kwangu."

Nilienda jikoni nikachemsha chai. Tuliomba, tukampigia Kagendo, na Kagendo akalia kwa niaba ya wote wawili. Mugambi aliuliza siku ya mazishi na ndege za Nairobi kwa sauti ya mtu wa ofisini. Jicho lake lilikuwa kavu, na hilo lilinitia hofu kuliko kilio.

Tulipokuwa tunavaa makoti, uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza.

"Dada zangu, ni nani aliyewaelekeza hapa? Ningependa kumshukuru. Sikujua kuna mtu anayepajua kwangu."

Béata alinitazama. Ningeweza kumtaja Maina, na Maina angefurahi. Lakini Mugambi angempigia simu Maina kumshukuru, uongo ungejulikana, na ingekuwa aibu juu ya msiba.

"Hakuna, kaka," nikasema. "Tulikutafuta kwenye mtandao."

"Aa," akasema. Akarudi juu ya sanduku lake, na hapo ndipo alipolia. Alilia sana, kama mtoto, huku akituomba radhi. Tulivua makoti tukakaa.