Kioo Chenye Jina Langu

Mpaka leo, mwanangu, nikipitisha ulimi ndani ya shavu langu la kushoto naikumbuka siku ile ya hadubini. Umeniambia Jumatatu unaanza kufundisha seli zinavyogawanyika huko Tumbe, na vitunguu umeshanunua. Vizuri. Basi kaa hapa kwanza, weka hiyo simu, nikusimulie yaliyonifika.

Nilikuwa msichana mdogo, nasoma skuli moja huku kwetu Ole. Kwetu kucha na nywele hazitupwi ovyo. Bibi yangu aliyenilea alikuwa akinikata kucha na kuzifukia nyuma ya jiko, maana aliamini kitu cha mwilini mwako kikishikwa na mtu mwingine, umeshikwa wewe. Sasa akaja mwalimu kijana kutoka Unguja, Mwalimu Haji, mcheshi, mwenye haraka zake. Akatwambia kila mmoja akwangue ndani ya shavu kwa kijiti. Ule ute akaupaka juu ya vipande vya vioo, akautia rangi ya buluu, na kila kioo akakibandika plasta yenye jina la mwenyewe. Kisha akavifungia kwenye kabati lenye mlango wa kioo. Wenzangu walicheka. Na mimi nilicheka, lakini roho haikutulia.

Wiki iliyofuata ndiyo ikaja hiyo seli kugawanyika. Mwalimu alikuwa ameotesha kitunguu juu ya mdomo wa chupa ya maji. Akakata ncha ya mzizi, akaiponda, akatupitisha mmoja mmoja kuchungulia. Niliona seli moja nyuzi zake zimeachana, nusu zimekwenda huku na nusu kule. Nilihisi kama nimefungua mlango wa watu bila ya hodi.

Hapo akachomoa kabatini kioo kimoja, kile chenye jina langu. "Sasa tazameni hiki cha Time. Hakuna kinachogawanyika hapa. Huyu ameshakufa."

Kengele ikalia.

Alikusudia seli, mwanangu. Na zile za kitunguu nazo zilikuwa zimekufa vilevile, zimenaswa kazini, lakini hilo hakulisema. Darasa zima liligeuka kunitazama. Asha, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, aliuvuta mkono wake taratibu usigusane na wangu.

Nilirudi nyumbani nikipita katikati ya majamvi ya karafuu, wala sikusikia harufu. Hebu fikiri, karafuu! Nikamwamkia jirani, hakuitika. Pengine hakunisikia, lakini mimi niliamini nimekufa, na kwamba watu wa nyumbani hawajaambiwa tu. Chakula kikanishinda, skuli nikaacha kwenda. Nikawa silali, nahofia kufumba macho.

Baada ya siku kadhaa Asha alikuja kunitazama. Alisimama nje ya mlango, akakataa kuingia.

"Time, kumbe uko hapa?"

"Niwe wapi tena?"

"Leo tumekuona skuli. Uko ndani ya kabati, unatutazama." Akaangua kilio, akakimbia.

Mpaka leo sijui waliona nini. Asha sasa ana wajukuu, na bado hapendi nimuulize.

Bibi alisikia yote. Akavaa buibui lake, akanishika mkono, moja kwa moja hadi skuli. Mwalimu alimwamkia kwa adabu, halafu akaanza kucheka, akieleza kuwa vile ni vijiseli tu. Bibi hakupandisha sauti.

"Mwalimu, umemwonesha mtoto maiti yake, kengele ikalia, ukamwachia aende nayo nyumbani. Hilo somo lako halijesha. Limalize."

Kicheko kikamkatika. Akanitazama vizuri, akaona nilivyokonda, akachuchumaa mbele yangu.

"Time, pitisha ulimi pale ulipokwangua. Pana shimo?"

Nikapitisha. "Hapana."

"Nani amepaziba?"

Nikapitisha ulimi tena.

"Seli zilizobaki chini yake. Zimekuwa zikigawanyika siku zote hizi, hata ulipokuwa umejilaza huna hamu ya kula. Nisamehe, mwanangu. Hii ndiyo nusu ya somo niliyoiacha."

Nililia pale mpaka kamasi zikanitoka, na njaa ikanishika hapohapo. Tulipotoka, harufu ya karafuu ilinijaa puani nikapiga chafya.

Bibi aliomba kile kioo, akakifukia nyuma ya jiko pamoja na kucha zangu. Mwaka juzi tulipovunja jiko lile nilichimba mwenyewe kwa mkono wangu, nikachimba na pembeni. Kioo hakiozi, mwanangu, lakini sikukikuta.

Basi nakuusia. Usibandike jina la mtoto kwenye kitu kilichotoka mwilini mwake. Anza na ulimi wake na shavu lake mwenyewe, aone namna mwili unavyojiziba, ndipo uende kwenye kitunguu. Ukimwonesha kilichokufa, asitoke mlangoni kabla hujamwonesha kinachoishi, hata kama kengele imelia na wenzako wanakusubiri kwa chai. Na ukiona mmoja kanyamaza ghafla, mwite kwa jina lake, umsikie anavyoitika.

Haya, nenda. Mola akupe subira ya kumaliza kila somo unalolianza, akuhifadhi wewe na watoto wa watu uliokabidhiwa, na kila kilichokwanguka ndani yenu akizibe kimyakimya, hata mkiwa mmelala. Amin.